Spika Inanguruma Sebuleni, Ikitoka Uani Inakufa: Soma Dalili Kabla Hujanunua Nyingine

Malalamiko ni yale yale kila msimu wa sherehe. Spika imejaribiwa sebuleni, glasi za kabatini zikatetemeka, kila mtu akakubali kwamba hapa tumepata chombo. Jumamosi inatolewa uani kwa ajili ya kipaimara, inawekwa juu ya stuli karibu na meza ya keki, simu inaunganishwa, na watu wa meza ya tatu wanaulizana kama muziki umeshaanza. Wiki inayofuata mwenye spika yuko Kariakoo, au Luthuli Avenue kama ni mtu wa Nairobi, anatafuta "kubwa zaidi".

Mara nyingi spika haina kosa. Kilichokosekana ni kuta. Ndani ya chumba husikii tu kile kinachotoka kwenye koni, ile sahani ya spika inayotetemeka. Dari, sakafu na kuta nne zinakirudisha na kukujazia masikio. Nje, sauti ikishakupita imekwenda zake. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, soma dalili. Kuna tatizo linalotibika kwa kuhamisha stuli, kuna la waya wa bei ndogo, na yanayodai spika mpya ni machache kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Ninazozungumzia hapa ni shida za mtu anayepiga muziki kutoka kwenye simu, flashi au kicheza muziki cha mfukoni, si za DJ mwenye mitambo yake.

Karibu inasikika, ukirudi nyuma hatua chache imepotea

Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hushuka desibeli 6. Spika inayokupa desibeli 85 ukiwa mita 1 mbele yake itakupa 79 kwenye mita 2, 73 kwenye mita 4, na 67 kwenye mita 8. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yanafika kama desibeli 60. Weka meza tano za wageni wanaokula na kucheka, hiyo 67 imeshamezwa. Hapo hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Itoe spika katikati ya uwanja, iweke mgongo kwenye ukuta wa nyumba, uso kwa watu. Ukuta utairudisha mbele ile sauti iliyokuwa inapotelea nyuma. Kisha angalia kimo. Sauti nyembamba, zile zinazobeba maneno ya wimbo, husafiri kwa kunyooka na hukwama kwenye miili ya watu. Spika iliyo chini ya meza inawaimbia magoti. Ipandishe ipite vichwa vya walioketi.

Dawa ya pili: kama una spika mbili ndogo, usizirundike pamoja. Kila moja isogee karibu na kundi lake la watu, lakini zisiachane sana, na sababu yake nitaieleza mbele. Mtu aliye mita 3 kutoka spika ndogo anasikia vizuri kuliko aliye mita 15 kutoka spika kubwa, na wa meza ya mbele hatalazimika kupiga kelele ili aombe chumvi.

Haya yote yakishindikana ndipo tunazungumza kununua, na hapo ndipo watu wanapigwa. Muuzaji atakwambia: "Bosi wangu, hii ina wati elfu tano, utafunga mtaa." Usibishane naye. Omba adapta ya chaji, igeuze, soma maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa volti 15 na ampea 2, zidisha: ni wati 30. Betri inaweza kusaidia kwa kishindo cha sekunde moja, lakini spika inayolishwa wati 30 haiwezi kutoa maelfu usiku kucha. Zile namba kubwa za kwenye boksi huitwa PMPO na hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda kinaandika kinachompendeza. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani wati ambazo spika inazimudu mfululizo.

Hata RMS yenyewe isikulevye. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo mgeni wa meza ya nyuma ataitambua kwa shida. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Kinacholipa zaidi ni wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati 1 kwenye mita 1. Spika ya 91 inafanya kwa wati 25 kazi ambayo ya 85 inaifanya kwa wati 100. Kama namba hiyo haipo kwenye karatasi, tazama ukubwa wa koni. Kwa watu kumi barazani, spika ya kubeba mkononi inatosha. Kwa turubai la watu hamsini na zaidi, mimi singepoteza muda na chochote chini ya koni ya inchi 10, yenye amplifaya yake ndani. Sherehe ikiwa ya mara moja kwa mwaka, kodisha.

Besi ilikuwepo ndani, nje hakuna

Wimbi la sauti ya hezi 50, ule mdundo mzito wa chini, lina urefu wa karibu mita 7. Spika yenye koni ya sentimita 5 haina uwezo wa kusukuma wimbi la namna hiyo mahali pa wazi. Sebuleni kona za chumba zilikuwa zinaisaidia. Spika nyingi za kubeba zina ujanja mwingine: ukipandisha sauti kupita kiasi fulani, akili yake ya ndani inaipunguza besi makusudi ili koni isichanike. Ndiyo maana ukifungulia mpaka mwisho muziki unakuwa wa bati. Shusha sauti ngazi mbili tatu, sogeza kwenye ukuta, na besi itarudi kiasi. Pale ukuta unapokutana na sakafu ya saruji ndipo besi inapopata nguvu zaidi, ila maneno ya wimbo yatafifia kwa watu walioketi mbali. Lazima uchague, au utafute sabufa ikae chini na spika ikae juu.

Ukiwa na spika mbili za waya na amplifaya, kuna chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii: nyaya za spika moja zimegeuzwa, chanya imeingia kwenye hasi. Koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinauana hewani. Simama katikati ya spika hizo mbili, sikiliza, kisha geuza nyaya za spika moja tu. Besi ikijaa ghafla, umepata jibu.

Vyombo vinapiga, mwimbaji hasikiki

Hii inawachanganya hata mafundi. Wimbo unaanza, ngoma zipo, gitaa lipo, kibwagizo cha pembeni kipo na mwangwi wake, lakini mwimbaji mwenyewe ametoweka, au anasikika kama yuko ndani ya pipa. Watu wanasema wimbo umeharibika. Wanabadilisha wimbo, unaofuata nao hivyo hivyo.

Wimbo wa stereo una njia mbili, kushoto na kulia, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida imewekwa sawasawa katika zote mbili. Sasa chukua waya wa kawaida wenye jaki ya milimita 3.5 upande wa simu na jaki moja nene ya milimita 6.35 yenye mistari miwili upande wa pili. Ichomeke kwenye spika kubwa ya kukodi. Tundu la spika hiyo limetengenezwa kwa ajili ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti: linategemea ishara moja iliyokuja mara mbili, mara ya pili ikiwa imepinduliwa, na kazi yake ni kutoa ya pili kutoka kwa ya kwanza. Likipewa kushoto na kulia za simu yako, linatoa kulia kutoka kushoto. Kila kilicho sawa pande zote kinafutika, na kilicho sawa pande zote ni mwimbaji.

Kuna anayejua kwamba simu ina mpangilio wa sauti ya mono kwenye sehemu ya Ufikivu, akaenda kuuwasha akidhani utasaidia. Kwenye kosa hili mono inaua kila kitu: pande zote zinakuwa sawa kabisa, zinafutana zote, spika inanyamaza. Kama ukiwasha mono na spika ikanyamaza, chukulia kwamba umethibitisha ugonjwa. Dawa ni waya unaogawanyika kuwa jaki mbili, moja kwa kushoto na moja kwa kulia, uziingize kwenye matundu mawili ya mikisa au uchomeke moja tu kwenye spika. Ukichomeka moja tu, hapo sasa washa mono, maana bila hivyo utakuwa unapiga nusu ya wimbo. Spika nyingi za siku hizi pia zina matundu mawili ya mviringo, jekundu na jeupe. Yatumie hayo na shida inakwisha.

Kabla hujaenda kununua waya, lakini, vua kava la simu. Kava nene linazuia jaki isifike mwisho, ile sehemu ya nyuma ya jaki haigusi panapotakiwa, na matokeo yake ni mwimbaji yule yule kutoweka. Uchafu wa mfukoni uliojibana ndani ya tundu unafanya vile vile. Njiti ya meno ya mbao, simu ikiwa imezimwa, itautoa.

Na kama simu yako haina kabisa tundu la mviringo, kama iPhone zote tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, utahitaji kiunganishi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Vya USB-C viko vya aina mbili na kwa macho huvitofautishi. Kimoja ni waya mtupu, kinategemea simu itoe sauti yenyewe, na simu nyingi haziitoi. Kingine kina kichipu kidogo cha kugeuza sauti, kiitwacho DAC. Muulize muuzaji chenye DAC, na ukijaribu kwa simu yako palepale dukani.

Bluetooth inakatika-katika

Tatizo la kuta limerudi, safari hii kwa mawimbi ya redio. Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo maji huyanyonya, na mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Ndani ya nyumba, ishara iliyozuiwa na mwili wako inadunda ukutani na kuifikia spika kwa njia nyingine. Uani haina pa kudundia. Ukiweka simu mfuko wa nyuma wa suruali na kuipa spika tumbo, muziki utakatika hata mkiwa mmeachana hatua chache.

Iweke simu juu ya meza, mahali inapoionana na spika, na ibaki hapo. Ile mita 10 inayotajwa kwa vifaa vingi ni ya njia iliyo wazi; halaiki ya watu wanaocheza katikati ni ukuta wa maji.

Tofautisha namna inavyokata. Ikiwa muziki unakwama-kwama, ni ishara. Ikiwa unapiga vizuri kisha unazima kabisa muda fulani baada ya kioo cha simu kuzima, simu inaua programu ya muziki ili kubana chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kubanwa. Na ikiwa katikati ya wimbo wa bwana harusi inaingia sauti ya video ya vichekesho, ni simu ya mpwa wako iliyowahi kuunganishwa na spika hiyo wiki iliyopita. Futa kumbukumbu ya simu zote kwenye spika, kisha unganisha moja. Simu inayopiga muziki iwekwe kwenye hali ya ndegeni na Bluetooth iwashwe upya, la sivyo ukumbi mzima utasikiliza mlio wa WhatsApp yako.

Kwa mpira kwenye skrini ya nje usitumie Bluetooth kabisa kama unaweza kukwepa. Ucheleweshaji wake unafika sehemu ya kumi hadi robo ya sekunde: mpira uko wavuni, mtangazaji bado anapiga pasi. Waya hauna shida hiyo.

Jambo dogo jingine: sauti ikiwa ndogo kwenye Bluetooth tu, kagua sehemu mbili. Baadhi ya spika zina kiwango chao na simu ina chake. Simu nyingi pia zina kikomo cha kulinda masikio ambacho hakijui kama umeunganisha vipokea sauti au spika ya uani.

Inakwaruza

Kwanza jua nani anakwaruza. Shusha sauti ya spika ukiiacha simu ilivyo. Mkwaruzo ukibaki hata kwa sauti ya chini, unatoka kwenye simu au kwenye wimbo wenyewe: ekwalaiza imepandishwa mpaka juu, au kuna programu ya "kuongeza sauti", au ni wimbo uliopita mikononi mwa watu wengi ukibanwa kila mara. Zima ekwalaiza. Cheza wimbo mmoja unaoufahamu, wenye ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, ulinganishe.

Mkwaruzo ukiisha uliposhusha spika, umeidai kuliko uwezo wake. Kwa waya, utaratibu ninaoupenda ni simu kwenye asilimia kama 80, kisha sauti ya kutosha itafutwe kwenye spika. Taa nyekundu iliyoandikwa CLIP ikiwaka mara moja moja kwenye mdundo mkali si neno. Ikibaki inawaka, punguza. Twita nyingi, zile spika ndogo za sauti nyembamba, hufa hivi, kwa amplifaya iliyolazimishwa kupita uwezo wake, hata kama wati za amplifaya ni ndogo kuliko za spika.

Ikikwaruza kwa sauti yoyote na wimbo wowote, zima, weka vidole viwili pande mbili za koni, isukume ndani taratibu. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia msuguano kama wa mchanga, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Fundi anaweza kubadilisha koni ya spika kubwa kwa gharama inayoeleweka. Kwa spika ndogo ya kubeba, mara nyingi haifai hata nauli.

Mvumo usioisha, au "titititi" kabla simu haijaita

Mvumo mzito unaotokea simu ikiwa kwenye chaji na kunyamaza ukiitoa ni mzunguko wa ardhi: umeme wa hezi 50 unapata njia mbili kupitia chaja na waya wa sauti. Piga muziki kwa chaji ya betri, au lisha simu kwa pawabenki. Chaja za bei ya kutupa huongeza mluzi mwembamba juu ya mvumo huo. Ukitaka kuumaliza kabisa, kuna kiboksi kidogo cha kutenganisha ardhi kinachounganishwa katikati ya waya.

Ile titititi ni mtandao wa simu wa 2G unaoingia kwenye waya. Isogeze simu mbali na waya na spika, au hali ya ndegeni tena.

Chaji inaisha kabla keki haijakatwa

Saa 12 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa kwa sauti ya kati, ndani ya chumba. Nje unafungulia zaidi, na kila desibeli 3 unazoongeza zinadai umeme mara mbili kutoka kwenye amplifaya. Tarajia nusu ya kilichoandikwa, na pungufu ya hapo ikiwa utapiga kwa nguvu zote.

Kwa spika za magurudumu, zile za kukokota, fungua mlango wa nyuma uone betri. Nyingi zina betri ya risasi ya volti 12. Ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84, ambazo si haba ukilinganisha na spika ya mkononi yenye mAh 5000 kwa volti 3.7, yaani wati-saa 18.5. Kasoro yake ni moja: inachukia kuachwa tupu. Ikipiga sherehe mpaka ikazima kisha ikawekwa stoo miezi mitatu, hiyo betri umeizika. Ichaji usiku ule ule, na kila mwezi iongezee hata kama haijatumika. Ipime kwa mita ikiwa imepumzika: volti 12.7 imejaa, 12 imeisha, na ukiikuta chini ya 10.5 usitegemee itakaa na chaji tena. Betri mpya ni sehemu ndogo ya bei ya spika, na ni kitu ambacho unaweza kukibadilisha mwenyewe kwa bisibisi.

Betri za lithiamu shida yao ni joto. Usiichaji spika iliyokaa juani au kwenye buti la gari mchana wa Februari. Ipoe kwanza kivulini. Zaidi ya nyuzi 45 za joto kuichaji ni kuifupishia maisha.

Flashi haisomi

Spika nyingi za bei nafuu zinasoma flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT32 na nyimbo za MP3, basi. Flashi kubwa za gigabaiti 64 na kuendelea mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mfumo mwingine, exFAT. Nunua ya gigabaiti 32 au ndogo zaidi, ujiepushe na usumbufu. Nyimbo ulizopakua ndani ya programu kama Spotify hazihamishiki kwenye flashi; zinafunguka ndani ya programu hiyo tu.

Ilinyeshewa, au ilikwenda ufukweni

Herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata ndizo mkataba wako na kiwanda. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IPX4 inavumilia matone ya kurushwa, IPX5 maji ya bomba la bustani, IPX7 kuzama mita 1 kwa dakika 30. X maana yake vumbi halikupimwa, si kwamba linazuiwa. Kwa barabara za vumbi na mchanga wa pwani tafuta IP67. Isiyo na alama yoyote ni ya ndani, hata kama pichani imechorwa karibu na bwawa.

Majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni habari nyingine, na hewa ya pwani yenyewe ina chumvi. Spika iliyorudi kutoka Coco Beach au Nyali isuuzwe kwa maji safi, kifuniko cha tundu la chaji kikiwa kimefungwa, kisha ikaushwe. Kuichomeka kwenye chaji tundu likiwa na unyevu wa chumvi ndiko kunakoozesha pini zikawa za kijani. Kama ilinyeshewa na sasa sauti imefifia, huenda ni maji yaliyokaa kwenye kitambaa cha mbele. Ilaze kifudifudi usiku mzima kabla ya kumwita fundi.

Spika za kudumu, nyaya ndefu

Hoteli ndogo, mgahawa wa bustani, kibaraza cha nyumba ya wageni: amplifaya iko kaunta, spika iko mita 30 ukutani, na ile ya mwisho inanong'ona. Pima waya. Wa shaba wa milimita za mraba 0.75, kwenda na kurudi mita 60, una ukinzani wa karibu omu 1.4. Kwa spika ya omu 4, zaidi ya robo ya volti inaishia njiani. Tumia wa 2.5, ule ule wa soketi za nyumba. Na ukwangue ncha yake kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Nyaya zikienda mbali zaidi ya hapo na spika zikiwa nyingi, achana na omu, tafuta amplifaya na spika za mfumo wa volti 100, kama zinavyofungwa kwenye misikiti na makanisa mengi.

Kila mdundo unasikika mara mbili

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Spika mbili zikiachana mita 34, aliye karibu na moja anasikia ya pili ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na hiyo inatosha kuvuruga wachezaji. Zisogeze zikaribiane, zielekee upande mmoja. Spika za Bluetooth za aina mbili tofauti kwa kawaida hazitaenda pamoja hata ukiziweka meza moja. Nunua jozi ya aina moja yenye uwezo wa kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe.

Wakati unazielekeza, zipe mgongo nyumba za jirani. Kenya ina kanuni za kelele chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, tangu 2009, na Tanzania wenzao wa NEMC wana za kwao. Besi ya saa saba usiku inaweza kukuletea wageni usiowaalika.

Ukifika dukani

Duka ni chumba. Kila spika inapiga vizuri mle, na muuzaji ameipanga kwenye kona kwa makusudi. Omba itolewe nje, kwenye baraza la duka au ukingo wa barabara, na kelele zote za mtaa zikiwepo. Tumia simu yako na wimbo wako, wenye mwimbaji unayemjua sauti yake. Rudi nyuma hatua kumi. Ukiyapata maneno ya wimbo bila kukaza sikio, endelea na mengine: fungulia mpaka mwisho usikilize kama besi inatoroka, geuka uipe mgongo simu ikiwa mfukoni, chomeka waya wako, chomeka flashi yako. Soma adapta. Tafuta alama ya IP kwenye mwili wa spika, si kwenye boksi. Uliza kama betri inabadilishika na inauzwa peke yake kwa bei gani. Muuzaji akikataa kuitoa nje, duka la pili liko hatua tatu. Risiti iandikwe namba ya spika yenyewe, ile iliyobandikwa chini yake, na muda wa dhamana.